Plastiki zenye nyuzi: usiulize kama ni ngumu kuliko chuma, uliza nyuzi zimelala upande gani

Gari yangu ilianza kuchemka kwa adabu tu, sindano inapanda kidogo, nasimama, naongeza maji, naendelea na safari, siku ya tatu nikaona huu sasa ni ujinga nikaipeleka gereji. Fundi akafungua boneti, akamulika na tochi, akacheka. "Bosi, alumini ya rejeta yako iko fiti kabisa, kilichokufa ni hiki kitanki cha plastiki cha juu." Akanionyesha ufa mwembamba kama unywele, uko pale kwenye kitako cha shingo inayovalishwa hozi, na kulanti, yale maji ya kupozea injini, imekauka pembeni ikaacha unga wa kijani. Akapaka gundi ya epoksi kwa kunionea huruma, na ile gundi ikadumu siku mbili.

Sasa kabla hajaifungua rejeta yote nikaona ubavuni mwa lile tanki jeusi kuna maandishi: >PA66-GF30<. Wengi tunapita hapo tunadhani ni namba ya kiwanda, kumbe ndo jina la hicho kitu chenyewe. PA66 ni aina ya nailoni, GF ni nyuzi za kioo, 30 ni asilimia 30 ya uzito. Yaani theluthi nzima kasoro kidogo ya hilo tanki ni kioo kilichovutwa kikawa nyuzi nyembamba za mikroni kumi hivi (mikroni elfu moja ndo milimita moja) kisha zikakatwakatwa vipande vifupi hata milimita moja havifiki. Fungua boneti ya gari nyingi za miaka ya karibuni utakuta maandishi kama haya kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, kwenye kifuniko cha injini, kwenye fremu inayoshika feni, kila mahali.

Nayasema haya kwa sababu mada ya plastiki zenye nyuzi kwenye magari ikianza tu watu wanarukia kaboni faiba, magari ya mashindano, bei za kutisha, afu mtu anauliza lile swali moja la kila siku: hivi ni kweli ni ngumu kuliko chuma? Na mimi naona hilo swali limetupotezea muda mrefu sana. Ni kama kuuliza kamba ni ngumu kuliko mbao. Kamba ukiivuta unaweza kuning'iniza ng'ombe, ukiisukuma inakunja. Swali linaloamua mambo kwenye hivi vitu, kuanzia rejeta yangu mpaka tanki la haidrojeni, ni nyuzi zimelala upande gani.

Tuweke namba mezani. Chuma kina ukakamavu, yaani kile kipimo cha kukataa kuvutika au kupinda, wa kama gigapaskali 200 na uzito wa gramu 7.85 kwa kila sentimita ya ujazo. Uzi wa kaboni wa kawaida una kama 230 na uzito wa gramu 1.8 hivi. Mtu akiona hapo anasema basi, mchezo umeisha, chuma kitupwe. Subiri kwanza. Hiyo 230 ni ya uzi peke yake, tena ukivutwa kwa urefu wake. Ukishauchanganya na resini, ile plastiki ya maji inayoganda kama gundi, ili uwe kitu cha kushikika unabaki na 130 hivi, bado ni safi sana kwa uzito ule, ila hiyo ni kwa upande ambao nyuzi zimelala. Geuza kile kipande kwa digrii 90 uvute kukatiza nyuzi, unapata kama 10. Kumi! Kitu kilekile, kiwanda kilekile, kimeshuka mara kumi na tatu kwa sababu tu umekigeuza. Chuma hakina mambo hayo, chuma ukikivuta kushoto, kulia, juu, chini, ni kilekile, ndo maana mafundi na mainjinia wamekipenda miaka yote, hakihitaji kubembelezwa.

Na wazo la uzi kuwa na nguvu kuliko donge lake sio jipya. A. A. Griffith, aliyekuwa akifanya utafiti Farnborough kule Uingereza, alionyesha kwenye miaka ya 1920 kwamba kioo ukikivuta kikawa uzi mwembamba kinakuwa na nguvu kupita mbali kioo kinene, kwa sababu kinachovunja kioo ni vijiufa vidogo visivyoonekana, na uzi mwembamba hauna nafasi ya kubeba ufa mkubwa. Kioo hichohicho kinachopasuka mezani. Kwahiyo nguvu tulishaipata karne iliyopita, kilichobaki ni kuipanga.

Turudi kwenye tanki langu maana hapo ndo patamu. Linatengenezwa kwa kusukuma nailoni iliyoyeyuka, ikiwa na joto la karibu digrii 280, ndani ya moldi (kalibu) ya chuma kwa presha kubwa. Fikiria mto uliojaa magogo. Pembezoni maji yanasuguana na kingo kwahiyo magogo yanajipanga kufuata mkondo, katikati ya mto mengi yanakaa mlalo, yamekatiza. Nyuzi za kioo zinafanya hivyohivyo ndani ya moldi, kwenye ngozi zimefuata mkondo na katikati zimekatiza. Alafu mto ukikuta kisiwa unagawanyika, unapita pande mbili, unakutana tena nyuma ya kisiwa. Kwenye plastiki hapo panapokutana panabaki mshono. Kwa macho ni kamstari kadogo tu au hakaonekani kabisa, ila ukiangalia kwa mionzi ya eksirei nyuzi za upande huu hazijavuka kwenda upande ule, zimelala sambamba na mshono kama watu wawili walionuniana wamepeana migongo. Pale panashikwa na nailoni tupu. Kamba hukatikia pembamba.

Na nailoni tupu sio kitu cha kuringia. Ikiwa haina kioo inaanza kulegea chini ya mzigo kwenye digrii 75 hivi, ukiiwekea kioo asilimia 30 inavumilia mpaka karibu digrii 250. Ona hiyo tofauti, kisha kumbuka kulanti inapita humo ikiwa na digrii 90 na zaidi, ina presha, ina glaikoli (ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta), na maji ya moto yenye glaikoli yanaila nailoni taratibu, yanakata minyororo ya molekuli zake na kulegeza pale kioo kilipong'ang'ania plastiki. Miaka inapita, hozi inavuta shingo kila ukipita kwenye shimo, siku moja ufa unaanza. Wengi watasema plastiki ni takataka, wangeweka shaba kama zamani. Sikatai hasira, hata mimi nilikuwa nayo. Ila tanki la plastiki linatoka kwenye moldi kwa haraka likiwa na shingo zake, masikio yake na sehemu za kufungia boliti, hakuna kuchomelea wala kusafisha, na ni jepesi. Kosa likiwepo liko kwenye kuamua mshono ukae wapi, na hilo ni la mtu, usilisukumie plastiki.

Ndo maana utafiti mwingi wa maana siku hizi wala haufanyiki kwenye mashine ya kuvuta na kuvunja, unafanyika kwenye kompyuta kabla moldi haijachongwa. Unaiga jinsi plastiki itakavyotiririka, unapata ramani ya nyuzi zimelala vipi kila sehemu, kisha ile ramani unaipeleka kwenye programu ya kupima kuvunjika au ya ajali. Zamani walikuwa wanampa injinia namba moja ya ugumu anaitumia kote, ambayo ni sawa na kusema watu wote nyumbani wanavaa kiatu namba 8. Ukihamisha mlango wa kuingizia plastiki sentimita chache tu, mshono unahama kutoka kwenye shingo inayoteseka unaenda sehemu isiyo na kazi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko ndani ya gari moja, Chevrolet Corvette. Mwaka 1953 walitoa 300 tu, zikiwa na bodi ya faibaglasi, na hiyo ndo hadithi inayosimuliwa kila siku. Faibaglasi ya bodi ile nyuzi zake zilikuwa shaghalabaghala, kila uzi na njia yake, ambayo kwa bodi sio mbaya, unataka umbo zuri lisiloshika kutu. Miaka 28 baadae, kwenye modeli ya 1981, wakabadilisha springi ya nyuma iliyolala mlalo, wakaweka ya faibaglasi na safari hii nyuzi karibu zote zimelazwa upande mmoja, kwa urefu wa springi, maana springi ya namna hiyo inapinda upande mmoja tu na unajua mzigo unatoka wapi. Ile ya chuma ilikuwa na kilo 18 na ushee, hii mpya kilo 3.6. Ni kioo kilekile! Hakuna aliyegundua maajabu, walilaza nyuzi vizuri kwenye kitu ambacho mzigo wake unajulikana. Volvo nao wakaja kuweka springi ya aina hiyo nyuma ya XC90 kizazi cha pili, na wanunuzi wengi wala hawajui kama wamekalia faiba.

Na hapa niwachokoze wapenzi wa kaboni. Ile michoro kama mkeka mnayoipenda, mpaka wengine wananunua stika wabandike kwenye dashibodi, inatokana na nyuzi kufumwa zipite juu na chini ya wenzake. Uzi uliopinda ukiubana unatamani kupinda zaidi, kwahiyo mfumo wa mkeka unapunguza ukakamavu na nguvu ukilinganisha na nyuzi zilizolala zimenyooka. Kwenye sehemu zinazobeba kazi ngumu kweli mara nyingi utakuta nyuzi zimenyooshwa na kushonwa kwa kauzi kembamba tu ka kuzishika, hazijafumwa, na hazina mvuto wowote kwa macho.

Haya, mbio. Gari ya McLaren MP4/1 ya 1981, kazi ya mbunifu John Barnard, ndo ilileta chesisi (kiunzi kikuu cha gari) ya kaboni kwenye Formula 1, na sehemu zilitengenezwa Marekani na kampuni ya Hercules kwa sababu huku kwingine walikuwa wanaiogopa kazi. Watu walisema ikigongwa mara moja tu itasambaratika vumbi tupu. Mwaka huohuo pale Monza dereva John Watson akaparamia vizuizi vya pembeni kwa nguvu, gari ikakatika, injini ikaenda kivyake, jamaa akashuka anatembea. Kelele zikaisha.

Ila wengi waliona nguvu tu, hawakuona kilichotokea ndani. Chuma kwenye ajali kinajikunja kama kinanda cha mkono, nishati inaliwa na mikunjo. Kaboni haijikunji, inasagika, inatoka vipande na vumbi kuanzia mwanzo kwenda mwisho, na kila uzi unaokatika na kila tabaka linalobanduka linakula nishati yake, kwa kila kilo inakula kuliko chuma. Kwa sharti moja tu, matabaka yawe yamepangwa ili isagike kwa mpangilio. Ukikosea mpango kipande kilekile kinavunjika pa! mara moja katikati, na nishati yote iliyobaki inakwenda kwa aliyekaa kwenye kiti.

BMW i3 ya 2013 ndo jaribio kubwa ambalo mtu yeyote amewahi kufanya la kupeleka kaboni kwa watu wengi. Malighafi ilikuwa inatoka Japani, inachomwa Moses Lake huko jimbo la Washington, Marekani, kwa sababu kuna umeme wa maji, kwani kuzalisha kaboni kunakula umeme balaa, unapika nyuzi kwanza kwenye hewa digrii 200 hadi 300 alafu unazipeleka zaidi ya digrii elfu moja bila oksijeni. Kisha vitambaa vilitengenezwa Wackersdorf na gari Leipzig, kote ni Ujerumani. Sehemu zilikuwa zinatoka kwenye moldi kwa dakika chache badala ya kukaa masaa kwenye oveni ya presha, na bodi ilikuwa inabandikwa kwa gundi. Zilitoka kama 250,000 mpaka 2022 wakafunga. Je, walifeli? Mimi nasema hapana, ila walilipia kaboni hata sehemu ambazo hazikuihitaji. Dakika chache ni ushindi kwenye kaboni, lakini presi ya bati inapiga kipande kwa sekunde. Na betri zilipoendelea kuboreka, ile hoja ya kukwepa kila kilo kwa gharama yoyote ikapungua makali.

Angalia walichofanya wenyewe kwenye 7 Series ya 2015. Bodi ni chuma na alumini, kaboni imewekwa vipande tu, kwenye mihimili ya paa, nguzo za katikati, pembeni kwa chini, yaani pale ambapo unajua kabisa mzigo unapita njia gani. Kwangu hiyo ndo akili zaidi kuliko i3, ijapokuwa haina shangwe. Ina shida zake, kaboni inapitisha umeme kwahiyo ikigusana na alumini penye unyevu alumini inaliwa na kutu haraka, inabidi uweke tabaka la kioo au gundi katikati. Na kwa sababu hiyohiyo ya umeme huwezi kufunika rada kwa kaboni. Rada za magari mapya zinakaa nyuma ya bampa na kufanya kazi karibu na gigahezi 77, plastiki ya kawaida inaziacha zipite, kaboni inazizuia. Kuna watu wanafunga bampa za kaboni za mapambo afu wanalalamika breki ya kujiendesha haioni kitu.

Ukitaka kuona hii habari ya mlalo ikiwa imefikishwa mwisho, angalia tanki la haidrojeni, kama yaliyoingia kwenye Toyota Mirai ya 2014. Ndani kuna kibofu cha plastiki cha kuzuia gesi isitoroke, nje kimezungushiwa uzi wa kaboni uliochovywa kwenye resini, na linabeba presha ya bar 700, kama mara 700 ya presha ya hewa tunayovuta. Silinda yenye presha inavutwa kuzunguka mwili mara mbili ya inavyovutwa kwa urefu, ndo maana soseji ikipasuka inapasuka kwa urefu. Ukilaza nyuzi peke yake kwa pembe moja tu, pembe inayolingana na huo uwiano wa mbili kwa moja ni kama digrii 55. Hiyo ni hesabu ya kukaa na kalamu, tangenti ya pembe ukiizidisha kwa yenyewe upate 2. Kwenye matanki halisi wanachanganya, matabaka mengine yanazunguka kama pete, mengine yanakwenda mshazari mpaka kwenye vichwa, ila mantiki ni hiyohiyo, na mashine inayozungusha ule uzi ikikosea kidogo inabidi uongeze kaboni ya ziada, ambayo ndo inakula sehemu kubwa ya gharama ya tanki.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni siku gari ikishagongwa. Bati likigongwa linabonyea, unaliona, fundi analinyoosha. Hivi vitu vya matabaka vinaweza kugongwa na spana iliyodondoka, juu pakabaki pazuri kabisa na ndani matabaka yameachana. Kuna njia moja ya kizamani ambayo hata kwenye ndege bado wanaitumia, unachukua sarafu unagonga taratibu, tik, tik, tik, ukifika palipobanduka sauti inabadilika inakuwa nzito, imefifia, kama kugonga ndoo yenye kitambaa ndani. Baada ya hapo ndo unaleta mashine ya mawimbi ya sauti kuthibitisha. Na kutengeneza ni kukwangua kwa mteremko mrefu, tabaka moja baada ya jingine, afu unarudisha kila tabaka na mlalo wake uleule. Fundi anayebandika kiraka bila kujua tabaka la tatu lilikuwa na digrii 45 amerudisha umbo tu. Watengenezaji wengi wanakwambia badilisha kipande chote, na mimi nawaelewa ila sikubaliani nao, maana gari isiyotengenezeka inageuka taka kwa ajali ndogo.

Na ikishakuwa taka? Umoja wa Ulaya tangu 2015 unadai asilimia 85 ya uzito wa gari chakavu itumike tena au irejelezwe. Resini za epoksi ukishazipika hazirudi kuyeyuka, ni kama yai lililochemshwa. Trabant ya Ujerumani Mashariki ilikuwa na shida hiyohiyo, bodi ya resini na nyuzi za pamba, zaidi ya gari milioni tatu, na ukuta wa Berlin ulipoanguka watu wakabaki na maplastiki wasijue wayapeleke wapi. Kaboni unaweza kuichoma bila hewa resini ikaondoka, nyuzi zinabaki na sehemu kubwa ya nguvu zake, lakini zinatoka fupi, zimechanganyikana kama manyoya ya mto. Mlalo wote umepotea. Kwahiyo unapata kitu cha kutosha kwa paa au kifuniko, paa la i3 lenyewe lilitumia kaboni ya mabaki, ila sio cha kurudisha kwenye nguzo. Wanaotafiti sasa jinsi ya kuzinyoosha tena nyuzi fupi kwa kuzipitisha kwenye maji yanayotiririka, mimi naona ndo wanafanya kazi kubwa kuliko wanaotafuta uzi wenye nguvu zaidi. Vilevile wanaorudi kwenye nyuzi za mimea, kitani na katani, maana Porsche 718 Cayman GT4 Clubsport ya 2019 ilitoka na milango na bawa la nyuma la nyuzi za mimea. Hazifiki kaboni kwa ukakamavu, ila zinatuliza mtetemo na zikivunjika hazitoi vipande vyenye ncha kali.

Rejeta mpya ilipofungwa nikamwambia fundi lile tanki la zamani aniachie. Akaniuliza la nini bosi, nikamwambia we nipe tu. Nyumbani nikalifuta, nikatafuta lile kovu la duara linalobaki pale plastiki ilipoingilia kwenye moldi. Lilikuwa mwisho wa kushoto. Nikapitisha kidole kufuata mkondo kutoka pale mpaka kwenye shingo ya hozi, nikazunguka shingo kwa vidole viwili, kimoja huku kingine kule kama mto unavyozunguka kisiwa, na vilipokutana upande wa pili vilikuwa juu ya ufa.